Kumpata mwanasaikolojia anayelipwa na bima yako: tuelekezane hapa

Tausi wa Jioni (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu: "Nataka kuonana na mwanasaikolojia, bima ninayo, naanzia wapi?" Anajibiwa "wapigie bima wakupe orodha", uzi unazama. Jibu si la uongo, ila linamwacha mtu mlangoni. Anapiga namba ambazo hazipokelewi, anampata mmoja anayesema hana nafasi, anaacha. Na tukumbuke tunamzungumzia mtu ambaye huenda hata kuamka asubuhi hiyo kumemtoa jasho. Suala hili nimelizunguka kwa ajili yangu, nikalizunguka tena kwa ajili ya mdogo wangu alipopata sonona. Nitaandika kirefu. Mwenye haraka asome aya inayofuata, inamtosha.

Usimuulize mtaalamu "mnapokea bima?" Swali hilo lina ndiyo mbili. Kuna ndiyo ya "tuna mkataba na kampuni yako, wewe unachangia sehemu yako, mengine tunadai sisi". Na kuna ndiyo ya "lipa zote leo, tunakupa risiti yenye maelezo, ukadai mwenyewe". Huyu wa pili hajakudanganya, umemuuliza vibaya tu. Uliza hivi: "Mna mkataba na kampuni fulani, kwa kifurushi fulani, na kwa sasa mnachukua wateja wapya wa kifurushi hicho?" Kampuni, kifurushi, nafasi. Ukikosa jibu la kimojawapo, hujajibiwa. Kampuni moja inaweza kuwa na vifurushi vingi, mtaalamu akawa na mkataba wa kile cha juu tu. Na wapo wenye mkataba halali kabisa ambao wametenga nafasi chache kwa watu wa bima, zikijaa zimejaa.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kabla ya kumpigia mtaalamu yeyote, fungua mkataba wako wa bima. Najua hausomeki. Usiusome wote, tafuta sehemu hizi: afya ya akili, magonjwa ya akili, ushauri nasaha, huduma za wagonjwa wa nje, na ile orodha ya mambo ambayo bima hailipi (hii hukaa mwishoni kwa herufi ndogo). Wengi huona "matibabu ya akili: yanalipiwa" wakafurahi, kumbe ni ya kulazwa wodini tu. Mazungumzo ya kila wiki na mwanasaikolojia ni huduma ya mgonjwa wa nje, yana mlango wake na kikomo chake. Angalia kama kikomo kinahesabiwa kwa vikao au kwa fedha. Kama ni fedha, angalia kama ni chungu kimoja na vipimo vya malaria, dawa na miwani, maana mwaka wenye homa nyingi unaweza kula vikao vyako. Angalia kipindi cha kusubiri kwa waliojiunga karibuni. Angalia wanasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga. Angalia kama unahitaji barua ya rufaa kutoka kwa daktari wa kawaida, na kama kuna kibali cha kuomba kabla ya kikao cha kwanza. Kibali kikihitajika nawe ukaenda bila kukiomba, bima wana haki ya kukataa kulipa hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Ndipo tunafika kwenye orodha. Mnajua wafanyakazi hewa? Kuna wataalamu hewa pia. Jina lipo, namba ipo, mtu alishahama, alishastaafu, au alivunja mkataba zamani na hakuna aliyemfuta. Sisemi haya kwa uchungu wangu tu. Mwaka 2023 watumishi wa Kamati ya Fedha ya Seneti ya Marekani walijifanya wateja, wakapiga simu 120 kwa watoa huduma za akili waliokuwa kwenye orodha za mipango 12 ya bima katika majimbo sita. Walipata miadi kwa asilimia 18 tu ya simu hizo. Hao ni watu wa serikali, wazima, wanaolipwa mshahara kupiga simu.

Kwa hiyo usimpigie mmoja ukasubiri. Tuma ujumbe kwa wengi siku moja, kwa maandishi, maneno yaleyale. Mimi na mdogo wangu tulitumia huu, ubadilisheni mtakavyo:

"Habari. Natafuta mtaalamu wa tiba ya mazungumzo kwa tatizo la (sonona / wasiwasi / msiba / usingizi). Bima yangu ni (kampuni na kifurushi). Naomba kujua: mna mkataba na kifurushi hiki? Mna nafasi ya mteja mpya ndani ya mwezi huu? Mnafanya kazi ana kwa ana, kwa video, au vyote? Napatikana (siku na saa). Asante."

Huna haja ya kusimulia maisha yako kwenye ujumbe wa kwanza. Neno moja la tatizo linatosha, na linamsaidia anayesoma akuambie mapema kama si eneo lake.

Mkiwa na lenu lishusheni hapa chini.

Kobe Mtaratibu

Siti ya mbele. Haya ni madini matupu, mkuu.

Ngurumo

Mimi nasema lipeni keshi tu. Bima ni mizunguko, fomu, kibali, rufaa, ukimaliza hiyo mizunguko ndiyo unakuwa mgonjwa kweli. Mtu mwenye kazi yake alipe aonwe kesho yake, yaishe.

Tausi wa Jioni

Ngurumo, mwenye uwezo alipe, hakuna atakayemzuia. Ila tiba ya mazungumzo si kidonge cha siku tatu. Anayelipa mfukoni vikao viwili akaishiwa cha tatu ameanza safari akashuka njiani, na mara nyingi ni pale hasa alipokuwa ameanza kufunguka. Bora uchelewe kidogo kuanza ukiwa na uhakika wa kuendelea. Halafu bima umeshakatwa. Fedha yako iko kwao tayari.

Karani wa Madai

Nimefanya kazi upande wa pili, wa kupokea madai. Niongeze mambo ambayo mteja haambiwi.

La kwanza ni cheo cha anayekuhudumia. Bima haimlipi "mtu mzuri wa kuongea naye", inalipa leseni. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaandika dawa, na mara nyingi mkataba wa bima haumpigi chenga. Mwanasaikolojia tiba hafanani naye: kazi yake ni tathmini na mazungumzo. Mshauri nasaha ni wa tatu, na hapa ndipo madai mengi hukwama, kwa sababu vifurushi vingine vinamtambua, vingine havimtambui, na vingine vinamtambua endapo tu yuko chini ya kliniki yenye mkataba. Kabla hujakaa naye muulize: "Leseni yako ni ya aina gani, na imesajiliwa na bodi ipi?" Kisha waulize bima kama leseni ya aina hiyo inalipwa. Mtaalamu wa kweli hachukii swali hilo. Akichukia, umeshajibiwa.

La pili, na hili litawaudhi baadhi: bima hulipa ugonjwa, hailipi shida. Kila dai linakuja na msimbo wa ugonjwa, kwa kawaida kutoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani inayoitwa ICD. Toleo la ICD-11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, lakini mifumo mingi ya madai bado inasoma ICD-10. Humo magonjwa ya akili yana herufi F: F32 ni kipindi cha sonona, F41.1 ni wasiwasi wa jumla, F43.2 ni mtu aliyeyumbishwa na badiliko kubwa la maisha, kama kuachishwa kazi au kuachika. Ugomvi wa wanandoa uko kwenye herufi Z, Z63.0. Misimbo ya Z peke yake mara nyingi hurudi na jibu la "hailipiwi". Ndiyo maana wanandoa wanaokwenda pamoja wakitaka bima ilipe hushangaa. Wale wawili mbele ya mtaalamu hakuna mgonjwa kati yao, kwa macho ya bima.

Asije mtu akasema "basi mwambie aandike F chochote". Usikubali. Ni udanganyifu, na ugonjwa ulioandikwa unabaki kwenye kumbukumbu zako. Kesho ukiomba bima ya maisha utaulizwa. Muulize mtaalamu wako wazi: "Utaniandikia nini kwenye dai, na kwa nini?" Una haki ya kujua kabla hakijatumwa.

La tatu, ukipiga simu bima, andika jina la aliyekujibu, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu. Kisha mwombe akutumie majibu hayohayo kwa barua pepe. Akisita, mtumie wewe: "Kama tulivyozungumza leo, umenithibitishia kwamba..." Maneno ya simu hayana miguu, dai likikataliwa hayatakufuata popote.

BintiSafari

Karani ubarikiwe. Swali: nikienda kwa asiye na mkataba, nilipe halafu nidai, wanarudisha zote?

Karani wa Madai

Mara chache sana. Kwanza kifurushi chako lazima kiruhusu kwenda nje ya mtandao wao, yaani kwa mtaalamu asiye na mkataba nao, vingine haviruhusu kabisa. Vinavyoruhusu hurudisha kwa kiwango chao, si kwa bei uliyolipa. Yaani wana bei yao vichwani mwao kwa kikao kimoja, wanachukua asilimia ya hiyo, wanakupa. Tofauti ni yako. Na vingine vinaanza kuhesabu baada ya wewe kutumia kiasi fulani mfukoni kwa mwaka. Waulize "mnarudisha kiasi gani kwa kikao cha dakika 50 na mwanasaikolojia asiye na mkataba" wakupe tarakimu, usikubali asilimia. Asilimia bila kujua ni ya nini haina maana.

Risiti iwe na: jina lako kama lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kila kikao, muda wa kikao, msimbo wa ugonjwa, msimbo wa huduma kama unatumika huko uliko, jina na namba ya leseni ya mtaalamu, na muhuri au sahihi. Risiti iliyoandikwa "ushauri" na jumla ya fedha inarudi siku hiyohiyo. Pia kuna tarehe ya mwisho ya kudai. Ipo kwenye mkataba.

Mama Wawili

Hamjambo wote. Binti yangu ana miaka kumi na sita, yuko kwenye bima ya kazini kwa baba yake kama mtegemezi. Anataka kuzungumza na mtu lakini hataki baba yake ajue kwa sasa. Hakuna baya lililotokea nyumbani, ni mtoto tu anaona haya. Je, bima ikitumika baba ataona?

Karani wa Madai

Shikamoo mama. Uwezekano mkubwa ataona kitu. Taarifa za madai humwendea mwanachama mchangiaji, ambaye hapa ni baba yake. Kwa kawaida haitaandikwa mlichozungumza, lakini jina la kliniki na aina ya huduma linaweza kuonekana, na siku hizi kuna meseji na programu za simu zinazoonyesha kila kikomo kilivyopungua. Wapigieni bima muulize kama taarifa za mtegemezi zinaweza kutumwa kwa anwani tofauti. Kampuni nyingine zinakubali ombi hilo, hasa likiwa la maandishi, na baadhi ya nchi zina sheria inayowalazimisha. Mwajiri ni suala jingine: kwa kawaida anapata jumla za matumizi ya kundi zima, hapati jina la mtu na ugonjwa wake. Hata hivyo kwenye ofisi ndogo ambako karani wa utumishi ndiye anayepokea fomu za madai kwa mkono, mimi ningeomba kupeleka fomu moja kwa moja kwa bima.

Ukimya wa Kisima

Mama Wawili, naomba niingie kwa heshima. Mimi ni mtaalamu, nafanya tiba ya mazungumzo, sitajitangaza hapa. Kwa binti wa umri huo, shule nyingi zina mshauri ambaye hana uhusiano wowote na bima. Si mbadala wa kila kitu, ila ni pa kuanzia, na yeye ndiye anayeweza kukuelekeza kwa mtu wa vijana. Umri ambao kijana anaweza kuridhia matibabu mwenyewe bila mzazi unatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mtaalamu mtakayempata mwulizeni mwanzoni kabisa, binti akiwepo, ni nini atamwambia mzazi na nini hatamwambia. Watoto hutulia wakisikia mipaka ikitajwa mbele yao.

Sasa niseme la upande wetu, kwa sababu humu tunasemwa kwamba tunakimbia bima kwa tamaa. Wapo wenye tamaa. Lakini hebu fikirini: kikao ni dakika 50, baada yake kuna kumbukumbu za kuandika, kisha dai. Dai linalipwa baada ya miezi, kwa kiwango cha bima ambacho huenda ni nusu ya bei ya kawaida, na likikataliwa kwa kosa la tarakimu moja unaanza upya. Hospitali ina idara ya kufanya hayo. Mtu mmoja mwenye chumba kimoja na viti viwili hana. Ndiyo maana mtaona wataalamu wa bima wamejazana kwenye hospitali na kliniki kubwa, wale wa peke yao wamejitoa. Kwa hiyo kama orodha ya bima inakuchosha, anza na hospitali zenye mkataba na uulize kama zina kitengo cha saikolojia. Mara nyingi kipo ila hakitangazwi.

Jambo jingine ni vikao vingapi. Muulize bima ana kikomo cha vikao vingapi, kisha mwambie mtaalamu siku ya kwanza. Tiba inayolenga fikra na mienendo, ile inayotumika sana kwa sonona na wasiwasi, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inaieleza kuwa kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20. Nikijua una vikao nane nitapanga kazi ya vikao nane. Nisipojua, tutafika cha nane tukiwa katikati ya jambo zito, na hilo silipendi kwa yeyote.

Bima wakitakiwa kuongeza vikao huuliza kama kuna maendeleo. Hapa dodoso fupi husaidia. PHQ-9 ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu 27, linapima sonona. GAD-7 ni maswali saba ya wasiwasi, jumla ya juu 21. Omba mtaalamu akujazishe mwanzoni na kila baada ya vikao kadhaa. Alama zikishuka kutoka 19 hadi 11 hiyo ni hoja: tiba inafanya kazi na bado haijakamilika. Hakuna barua ya ufasaha itakayoishinda.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama jibu lako hapo si "hapana kabisa", achana na orodha, vibali na uzi huu. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo, nenda hospitali yoyote yenye huduma ya dharura au piga namba ya dharura ya ulipo. Habari za bima zitashughulikiwa baadaye, na matibabu ya dharura kwa kawaida yana kanuni zake zisizosubiri rufaa.

Ngurumo

Mtaalamu, hapo kwenye dakika 50 na malipo ya nusu bei nimekuelewa. Sikuwahi kuwaza upande huo. Bado nasema mizunguko ni mingi.

Ukimya wa Kisima

Ni mingi kweli, kaka.

Msafiri wa Mbali

Wadau, msisahau sheria. Watu wanapigania kifurushi wakati sheria ya nchi inaweza kuwa imeshawashindia. Marekani ina sheria ya usawa ya mwaka 2008: bima ya kundi inayogharimia afya ya akili haitakiwi kuiwekea vikomo vikali kuliko inavyoweka kwa magonjwa ya mwili. India, sheria ya afya ya akili ya 2017, kifungu cha 21, inazitaka kampuni za bima kugharimia ugonjwa wa akili kwa misingi ileile ya ugonjwa wa mwili. Australia serikali inatoa ruzuku ya vikao hadi 10 kwa mwaka ukiwa na mpango ulioandikwa na daktari wa kawaida. England mtu mzima anaweza kujipeleka mwenyewe kwenye huduma ya mazungumzo ya serikali bila kupitia kwa daktari. Ujerumani kuna namba ya 116117 inayokutafutia miadi, unapitia vikao vya kujaribu kama wewe na mtaalamu mnaendana, kisha bima ya afya ya lazima inaweza kukubali tiba fupi ya vikao 24 kwa mafungu mawili ya 12.

Sisemi hayo ili tuonee watu gere. Nasema tafuta la kwenu likoje. Neno la kuwauliza mamlaka inayosimamia bima ni moja: je, kampuni inaruhusiwa kuweka kikomo cha akili kilicho chini ya kikomo cha mwili? Mimi niliuliza nikakuta kifurushi kimeandikwa kabla ya kanuni mpya na hakuna aliyekuwa amekirekebisha.

Kobe Mtaratibu

Nimesoma mpaka hapa nimeamua kuuliza. Orodha yangu yote nimeimaliza. Wengine hawapokei, wengine hawana nafasi, mmoja anahudumia watoto tu. Nimekwama au kuna njia?

Tausi wa Jioni

Hujakwama, una ushahidi. Zile simu zilizofeli ziandike: jina, tarehe, alichojibu. Kisha waandikie bima: "Nimewasiliana na wataalamu hawa kutoka kwenye orodha yenu, hakuna aliyeweza kunihudumia. Naomba mnitafutie mwenye nafasi ndani ya muda fulani, au mniruhusu kumwona asiye na mkataba kwa masharti ya mwenye mkataba." Ombi hili si la ajabu, makampuni mengi yana utaratibu wa ruhusa maalumu ila hawautaji mpaka uutaje wewe. Kwa mdogo wangu mambo yalianza kusogea baada ya barua ya namna hiyo. Kabla ya hapo tulikuwa tunaambiwa "endelea kujaribu".

Wakati unasubiri, jaribu njia za pembeni. Kama umeajiriwa, uliza utumishi kama kampuni ina mpango wa ushauri kwa wafanyakazi. Huo huwa ni tofauti na bima, vikao vichache vya bure, hakuna msimbo wa ugonjwa, na mhudumu huwa ni mtu wa nje. Vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia tiba huwa na kliniki ambako wanafunzi wa ngazi za juu wanahudumia chini ya msimamizi. Watu wanawadharau wanafunzi. Mimi siwadharau, kila kikao chao kinapitiwa na mtu mwenye uzoefu, jambo ambalo siwezi kuapa kwa wengine wenye vyeti ukutani. Na kuna tiba ya kikundi: nafasi hupatikana mapema na inakula kikomo kidogo.

Jua la Kipwa

Mimi niliomba ya video nikadhani nimemaliza mchezo, nchi nzima ni yangu sasa. Kumbe leseni ya mtaalamu ina mipaka, na bima inaangalia wewe umekaa wapi wakati wa kikao. Muulizeni kabla. Pia ile programu ya simu yenye matangazo mazuri ya terapia haikuwa na mkataba na bima yangu, ilikuwa inakata kila mwezi tu. Soma masharti ya kujiondoa kabla hujaweka kadi.

Lingine: dai langu la kwanza lilikataliwa kwa sababu "huduma si ya lazima kitabibu". Msilie kama mimi nilivyolia. Kukataliwa mara ya kwanza mara nyingi ni kazi ya karani au kompyuta. Nilidai sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba walichotumia, mtaalamu akaandika barua fupi: ugonjwa, alama za dodoso, nini kitatokea tiba ikikatwa. Ikapita.

Karani wa Madai

Ni kweli, wengi waliokataliwa hawakati rufaa kabisa. Angalieni siku za kukata rufaa, zipo kwenye barua ya kukataliwa na zikipita zimepita. Rufaa ya ndani ikishindikana kuna mamlaka ya bima, na hao kampuni inawaogopa.

Mama Wawili

Nashukuru sana wanangu. Binti ameonana na mshauri wa shule, na yeye mwenyewe amesema atamwambia baba yake. Tutarudi kwenye bima baada ya hapo.

BintiSafari

Hongera mama. Na mimi nimepiga simu leo. Kifurushi changu kinataka barua ya rufaa kabla ya yote. Lazima iandikwe na daktari wa akili, au huyu wa kawaida wa kliniki anaweza? Na aandike nini?

Karani wa Madai

Wa kawaida anaweza, isipokuwa mkataba wako umesema vinginevyo. Aandike tarehe, dalili na muda zilizodumu, idadi ya vikao anavyopendekeza, na aitaje huduma, yaani "tiba ya mazungumzo na mwanasaikolojia", asimtaje mtu. Akiandika jina la mtu na huyo mtu akakosa nafasi, utarudi kuomba barua nyingine. Piga picha kabla hujaikabidhi. Na angalia inaisha lini, nyingi zina miezi yake.

BintiSafari

Nimeelewa. Miadi ya daktari ni Alhamisi, naenda na maneno hayo nimeyaandika kwenye simu.